Katazo lisiloonekana mwishoni mwa ACL

Jioni moja, kwenye swichi ya mtandao, niliweka ACL (orodha ya kuruhusu au kukataza pakiti, yaani vipande vya data) ya mistari michache kwenye VLAN 20, sehemu ya mtandao iliyotengwa na nyingine. Nikajaribu: kompyuta za wageni hazifiki tena kwenye seva za uhasibu, na intaneti inapita vizuri. Asubuhi simu yangu ikawa haipoi. Kila aliyewasha kompyuta hakuwa na mtandao. Niliyoikagua kwanza ilikuwa na anwani inayoanza na 169.254, maana yake imeomba anwani kwa DHCP (huduma inayogawa anwani), haikujibiwa, ikajipa anwani yenyewe.

Mistari yangu yote ilikuwa sahihi. Kilichoniangusha ni ule ambao swichi haikuonyeshi: kwenye Cisco, kila ACL huishia na katazo la kimyakimya, na pakiti isiyolingana na mstari wowote hutupwa. Mimi niliruhusu pakiti zinazotoka 10.0.20.0/24, yaani anwani za VLAN ile. Lakini kompyuta inayoomba anwani bado haina anwani! Ombi lake hutoka 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255. Zile nilizojaribia jioni zilikuwa na anwani tayari, ndiyo maana sikugundua kitu.

Tangu siku hiyo, kabla sijagusa swichi, naandika kwenye karatasi kila kitu ambacho mashine inahitaji tangu inapowashwa. DHCP, yaani poti 67 na 68 za UDP, mojawapo ya njia za kusafirisha data. DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, poti 53, na usiishie kwenye UDP, ruhusu TCP pia, njia nyingine ya kusafirisha data. Hayo yanatangulia, yakifuatiwa na makatazo, kisha ruhusa pana. Usipindue mpangilio huo. Swichi husoma kutoka juu, na ikipata mstari unaolingana haiendelei kusoma, hivyo ruhusa pana ikikaa juu, katazo lililo chini yake halifanyi kazi yoyote. Mistari ipe namba 10, 20, 30, ili kesho upate nafasi ya kuchomeka mwingine katikati.

Maski, namba inayoonyesha sehemu ipi ya anwani ilinganishwe, nayo kwenye ACL huandikwa kinyume: 0.0.0.255, si 255.255.255.0. Ukikosea, swichi itaupokea mstari bila kulalamika, nao hautazigusa mashine ulizokusudia. Kuhusu mwelekeo wa pakiti ambazo ACL itakagua, jione umesimama ndani ya swichi: kwenye VLAN, “in” ni pakiti zinazokujia kutoka kwa mashine za VLAN hiyo.

Kama unafanya kazi ukiwa mbali, andika kwanza “reload in 10”, na usihifadhi chochote. Ukijifungia nje, baada ya dakika kumi swichi itajiwasha upya na usanidi wa zamani. Watumiaji watakatika kidogo, lakini ni nafuu kuliko kusafiri na kebo ya konsoli, ile ya kuchomeka moja kwa moja kwenye swichi. Mambo yakienda sawa, “reload cancel”, ndipo uhifadhi.

Na siku hizi sijaribu kwa kufungua tovuti tu. Nachukua kompyuta moja ya VLAN ile, naiachisha anwani yake (kwenye Windows) kwa “ipconfig /release”, kisha “/renew”, na siondoki mpaka nione 10.0.20 imerudi.