Saa tisa ya nani? Kwa mnaoanza kupeleka wageni Omani

Ijumaa iliyopita simu yangu iliita kabla sijamaliza chai. Kijana wetu mmoja, safari yake ya pili kuongoza kundi. Yuko mlangoni mwa soko la Mutrah, Maskati, nyuma yake wageni ishirini na mbili wenye pochi zilizotuna, mbele yake maduka yamefungwa mwanzo hadi mwisho. "Dada, huku kuna msiba gani?"

Nikamwambia hakuna msiba, kuna Ijumaa. Nikakata simu nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu huyo ni wa nne mwaka huu na wote niliwapa ratiba mkononi. Basi nayaandika haya mara moja, asiyesoma asinipigie.

1. Ijumaa asubuhi nenda Nizwa. Mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na asubuhi ya Ijumaa Maskati imelala; Mutrah inaamka jioni. Nizwa ni kinyume chake: asubuhi hiyo ndipo mnada wa mbuzi unapofanyika, wanunuzi wamekaa duara, wauzaji wanazungusha wanyama mbele yao huku wakitaja bei. Ni kilomita kama 160 kutoka Maskati, kwa hiyo ondokeni alfajiri. Mkifika saa nne mtakuta kinyesi na kamba. Siku nyingine pia, kuanzia kama saa saba mchana hadi saa kumi maduka mengi hufungwa, watu wamejificha jua. Muda huo walaze wageni wako. Usiwatembeze juani kwa kuwa tu ratiba ina nafasi.

2. Saa. Hapa naomba mkae vizuri.

Mwaka 2017 nilikuwa na kina mama kumi na wanne wa kikoba kimoja cha Temeke. Walichanga miaka miwili kwa safari ile. Ndege ya kurudi ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi alfajiri, hoteli yetu ilikuwa Mutrah, na uwanja wa ndege uko umbali wa kama kilomita 30. Dereva wetu alikuwa Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja wakarudi kwao miaka ya sabini. Kiswahili chake kitamu kuliko changu, "nyengine" na "khasa" kila sentensi. Tulipotoka Nizwa jioni ile nikamwambia kwa kujiamini kabisa, "Usiku huu, saa tisa, uwe mlangoni." Akasema, "Inshallah dada, saa tisa."

Mnaona tayari. Mimi sikuona.

Nikawaamuru kina mama walale mara baada ya Isha. Simu ya chumbani nikaichomoa mwenyewe, ya mkononi nikaiwekea kengele, nikazima milio mingine yote, nikalala kama mtu mwenye akili. Saa tisa usiku niko barazani na watu kumi na wanne, mabegi ishirini na tisa, ndoo za halua, na mama mmoja aliyekumbatia birika la shaba kama mtoto mchanga. Barabara nyeupe. Hakuna Kosta. Nikatoa simu nimtukane dereva, ndipo nikakuta jumbe tatu.

Saa 21:02: "Dada nimefika niko nje."
Saa 21:40: "Dada mmelala?"
Saa 22:17: "Basi nadhani mmepata gari nyengine, safari njema."

Alikuwa amefika kwa wakati, tena bila kuchelewa hata robo saa. Alisoma kwa Kiarabu, na kwake tisa ni tisa, ile inayoandikwa 9 kwenye ukuta. Na hapo ndipo penye mtego: sita, saba na tisa tumezichukua kwao. Ningesema "saa nane" pengine angesita akaniuliza. Neno tunalochangia ndilo lililonimaliza.

Nikapiga, simu yake imezimwa, mwenzangu kalala. Kijana wa mapokezi akatuitia taksi. Tatu zilikuja haraka, zikabeba tisa. Za mwisho zilikuja tukiwa tumeshaanza kusoma dua kwa sauti. Tulipofika uwanjani wale tisa walikuwa wameshapita, na kaunta imefungwa. Nililia. Niliomba kwa Kiswahili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza kibovu. Yule binti wa kaunta alinionea huruma kweli, na hakuifungua.

Tikiti tano mpya nililipa kutoka mfukoni mwangu, na mfukoni mwangu hamkuwa na kitu, kwa hiyo niseme nililipa kutoka kiwanja nilichokuwa nakilipia Kibaha. Hicho kiwanja sasa kina nyumba ya mtu mwingine, ina geti la bluu, naiona kila nikienda Morogoro. Lakini kilichoniuma zaidi si hela. Ni bibi mmoja kati ya wale watano, mtu wa miaka sabini hivi, aliyefungua ndoo yake ya halua pale kwenye benchi, akamega kwa vidole, akanipa na mimi tonge, akasema, "Mwanangu, Kiswahili unakijua, Kiarabu unakijua. Saa ndiyo huijui."

Siku hizi naandika 03:00 na tarehe, na dereva ananirudishia kwa maandishi. Na kumbukeni Omani wako mbele yetu kwa saa moja. Mgeni mwenye saa ya ukutani kichwani lazima umrekebishe tangu ndani ya ndege.

3. Hela. Riali moja ni baisa 1,000, na bei huandikwa tarakimu tatu baada ya nukta. 3.500 ni riali tatu na nusu, si elfu tatu na mia tano. Mwaka jana mgeni wangu alirudisha juisi akidhani wanamwibia. Lakini msicheke sana, kwa sababu riali moja ni kama dola 2.60, na anayeona "tatu na nusu tu" naye anakwisha bila kujua. Wafundisheni pia tarakimu za Kiarabu: kile kiduara ٥ ni tano, na sifuri ni kidoa tu.

4. Msiwasengenye watu kwa Kiswahili. Kila kundi nalionya, na kila kundi lina mmoja. Mama alisimama mbele ya muuza ubani akamwambia mwenzake, "Tuondoke, huyu mzee ana uso wa kupunja." Mzee akaendelea kupima ubani, kisha akasema taratibu, "Uso nimezaliwa nao mama, bei tunaweza kuzungumza." Ubani ule ulinunuliwa kilo nzima, kwa aibu. Na mkialikwa nyumbani kwa familia iliyotoka Unguja, habari za mwaka 1964 wasizianzishe wageni. Mwenyeji akitaka atazisema mwenyewe.

5. Kahawa: mkono wa kulia, tende kwanza, na ukitosheka tikisa kifinjani. Usipotikisa unajaziwa. Mume wa mtu alikunywa vifinjani kumi na kimoja kwa heshima, akakesha hadi adhana ya alfajiri akitusimulia maisha yake.

6. Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos: wasio Waislamu huingia saa 2:00 hadi saa 5:00 asubuhi (yetu, si yao!), Ijumaa hapana. Wanawake kichwa, mikono na miguu vifunikwe, na hii semeni hotelini, si getini.

7. Mirungi na dawa kali za maumivu, tramadoli kwa mfano: kagua mabegi kabla ya uwanja wa ndege wa kwetu. Dawa ya hospitali iende na cheti chake. Mzigo wa "mpelekee tu shangazi" hauingii.

8. Mlima wa Jebel Akhdar: polisi wa kizuizini hukurudisha kama gari si la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Juu kuna baridi, beba sweta.

9. Salalah iko mbali, kama kilomita 1,000 kutoka Maskati, msiiweke kama "matembezi ya mchana" (nimeiona ratiba hiyo kwa macho yangu, na aliyeiandika anajijua). Kuanzia Juni hadi Septemba ni msimu wa kharif, manyunyu na ukungu, Waomani wanamiminika na vyumba vinapanda bei. Niliwahi kuwapeleka watu wa Tanga. Mwongozaji wa kule akawaonyesha minazi na migomba kwa fahari kubwa. Wakatazamana. Mzee mmoja akaniuliza pembeni kama kuna kitu kingine, au hiyo ndiyo yenyewe.

10. Halua weka begi la chini. Ukiiacha ya mkononi wataichukua ukaguzini, na mwenye ndoo atakuangalia wewe mpaka Dar es Salaam.