Mi nilibaki kwenye gari

Mhariri, mmeuliza wiki hii "katika historia ya kudai haki sawa, ni nani unamheshimu zaidi na kwa nini?" Najua wengi watawatajia Mandela, Martin Luther King na Mwalimu, na hamna ubaya. Ila mimi swali limenigusa pabaya, kwa hiyo mnisamehe nikijibu la jirani yake: yule anayekataa wa kwanza, halafu watu wote wakamwacha peke yake, yeye heshima yake iko wapi?

Nilitaka kumtaja Claudette Colvin. Huyu alikuwa msichana wa miaka 15 kule Montgomery, Alabama, na tarehe 2 Machi 1955 alikataa kunyanyuka kwenye basi ili mzungu akae, polisi wakamtoa mzobemzobe mpaka selo. Rosa Parks tunayemjua wote alikamatwa kwa kukataa vilevile Desemba 1 mwaka huohuo, yaani miezi tisa baadaye. Wakubwa wa harakati pale mjini waliiangalia kesi ya huyu mtoto wakaona hapana, haiwezi kubebwa na yeye, ni mdogo mno, na baadaye akapata mimba ndo kabisa. Mmoja wa waliopima hivyo ni E.D. Nixon, mtu wa reli, mhudumu wa mabehewa ya kulala na kiongozi kwenye chama chao cha wafanyakazi. Mzee wangu naye alikuwa mtu wa reli, hapa Kigoma inapoishia reli ya kati, ndo maana jina la huyu bwana lilinikaa kichwani tangu nilisome, na nilianza kuandika hapa nikiwa nimejipanga kumsema vibaya.

Sasa niwape ya kwetu. 2005 nilikuwa kidato cha pili, tunakaa Ujiji, shule iko Mwanga. Asubuhi ya kituoni mnaijua wenyewe, Hiace inakuja konda kaning'inia mlangoni anaita "madenti wawili tu, wawili tu!" na nyie mko thelathini. Denti, yaani mwanafunzi, ulikuwa unalipa hamsini na hukai. Ukikaa ni kwa sababu gari tupu, na akiingia mtu mzima unanyanyuka hata kabla hujaambiwa. Hatujawahi kuiona imeandikwa popote hiyo sheria ila tuliijua kama tunavyoijua njia ya ziwani.

Kulikuwa na msichana tunasoma naye, jina nalibana. Siku hiyo alikuwa anaumwa tumbo, akina dada mtaelewa, mama yake akampa nauli ya mtu mzima kusudi mtoto akae. Tukapata siti mbili za nyuma, yeye dirishani mimi pembeni. Akatoa sarafu ya mia mbili, ile ya simba, konda akaipokea akatumbukiza mfukoni, kimya. Mbele kidogo wakapanda wanaume wawili, konda akagonga bodi, "we denti, nyie wawili huko, pisheni wazee." Mi nikanyanyuka palepale. Sikufikiria hata, miguu yenyewe ilinyanyuka. Yeye akasema, "Kaka, mi nimelipa kama wao."

Konda akacheka. Akasema sare ni sare. Halafu akafanya kitu ambacho nimekifikiria miaka yote hii, aliingiza mkono mfukoni akahesabu mia na hamsini akamrudishia, "haya chenji yako, sasa wewe ni denti, nyanyuka." Yaani hela aliyokuwa ameshaipokea akaigeuza kwa lazima kuwa nauli ya kusimama! Yule binti akasema, "Sitaki chenji, nataka kiti." Konda akazimwaga zile sarafu kwenye sketi yake, zikateleza, moja ikabingirika mpaka miguuni kwa mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya mawese. Mama akaiokota akampa, akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu si unyanyuke tu, wewe damu changa, utatuchelewesha." Na gari zima likaitikia. Yule mzee mwenyewe aliyekuwa anapiganiwa kiti alisema mwacheni, ila alisema mara moja tu na hakusikilizwa.

Dereva akasimamisha, yule binti akashushwa. Hatukuwa tumefika hata nusu ya njia. Mi nilikuwa nimesimama, kichwa nimekiinamisha kwa sababu paa la Hiace na urefu wangu haviendani, na niliendelea na safari. Nikafika shule kwa wakati. Yeye alifika kipindi cha pili kimeanza, mwalimu wa zamu akamwambia akafyeke, na mimi niliyejua kila kitu sikufungua mdomo.

Kesho yake hakupanda gari. Wala keshokutwa. Karibu muhula mzima alitembea, kilomita tano au sita kwa mguu, mvua ikinyesha anavaa mfuko wa rambo kichwani, na mara nyingi Hiace yetu ilimpita njiani mimi nikiwa ndani nimeinama vilevile. Hamna kilichobadilika. Konda hakujua hata kama amegomewa.

Nimtetee konda kidogo. Alikuwa na hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni, na denti kwenye siti maana yake robo ya nauli, serikali inapanga nauli ya mwanafunzi lakini hasara anabeba mwenye gari. Hilo naelewa. Ila mwenzangu alilipa yote, kwa hiyo hapo hesabu haikuwa hesabu tena. Na pia sisemi kwamba denti wa Kigoma ni sawa na mtu mweusi wa Alabama, msije mkaniandama. Sisi tulikua tukavua sare. Wale ilikuwa sheria ya mji, unalipa mlango wa mbele kisha unashuka ukapandie wa nyuma, na dereva akiamua anaondoka umeshalipa, na ngozi huivui.

Lakini nikiandika hapa naona kitu ambacho sikukiona nilipoanza. Alichokosa mwenzangu hakikuwa ushujaa, alikosa Nixon. Rosa Parks alipokamatwa, Nixon ndo alienda kumtoa kwa dhamana, akaanza kuwapigia simu wachungaji mmoja mmoja, King akiwemo, kijana wa miaka 26. Mwalimu wa chuo Jo Ann Robinson akakesha na wenzake wanachapa vikaratasi vya kuwaita watu wagomee mabasi, maelfu kwa maelfu. Kikao cha kwanza cha kupanga mgomo Nixon mwenyewe hakuwepo, zamu yake ya treni ilimwita. Watu wakaacha mabasi siku 381, wakatembea, wakapangiana magari, akina Georgia Gilmore wakapika na kuuza chakula hela iende kwenye mgomo. Nyumba ya Nixon ilirushiwa bomu. Na kesi iliyokuja kuiangusha ile sheria mwaka 1956 haikuwa ya Rosa, ilikuwa ya wanawake wanne, na mmoja wao ni yuleyule Claudette! Kumbe hawakumtupa moja kwa moja.

Ndugu zetu wa Tabora wataniambia hili la kusubiri na kujipanga wao wanalijua tangu Januari 1958, TANU ilipokaa pale kubishana kuhusu kura tatu za mkoloni, kwamba kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Dharau tupu. Zuberi Mtemvu alikataa katakata akatoka akaanzisha chama chake. Mwalimu akasema tuingie hivyohivyo, na TANU ikazoa. Ndo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Mi zamani moyo wangu ulikuwa na Mtemvu, na kwenye kupima uchungu bado naona alikuwa sahihi. Lakini walioshinda ni wale waliokubali kuumeza kwa muda.

Nilimpigia simu mwenzangu jana, siku hizi yuko Kasulu na watoto wake. Nikamwambia nataka kuandika. Akasema yule konda hata sura haikumbuki. Anachokumbuka ni mimi nilivyokuwa naangalia juu ya paa kila gari ikimpita, wakati juu hamna kitu.

Kwa hiyo kura yangu naipeleka kwa E.D. Nixon, yule niliyetaka kumsema. Sina uhakika naipeleka kwa sababu anastahili au kwa sababu mtu aliyebaki kwenye gari lazima apende wanaosema subiri. Andikeni Nixon tu. Kwa shingo upande, ila andikeni Nixon.