Maswali ya Wasomaji: Ufunguo wa Gari Umegoma

SWALI: Rimoti ya IST yangu inafungua milango nikiwa nimeigusisha kioo, nikirudi hatua tatu nyuma, kimya. Nimeweka betri mpya, hakuna tofauti. Fundi anataka kuiprogramu upya. – Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Hela ya programu ibaki mfukoni kwanza. Rimoti iliyofutika kwenye kumbukumbu za gari haifungui hata ukiibandika kioo. Yako inatambuliwa, ila haina nguvu.

Anza na hiyo betri. Namba zake ni vipimo: CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa 3.2, CR2016 ina kipenyo kilekile lakini unene ni 1.6 tu. Ukiweka ya 2016 mahali pa 2032 inacheza ndani, inagusa na kuachia. Namba ikiwa sahihi, ipime kwa multimita (kipima umeme). Mpya husoma volti 3 hadi 3.3, ikiwa chini ya 2.8 irudishe dukani, maana betri zilizokaa rafuni miaka ni nyingi. Ishike kingoni, si kwa vidole vya jasho.

Betri ikiwa nzima, basi huenda ni vumbi, na kwa kiangazi cha Dodoma hilo si ajabu. Fungua kasha kwa bisibisi bapa, toa betri, sugua bodi kwa mswaki mkavu, kisha futa vigusio kwa pamba yenye spiriti. Petroli hapana, inaharibu mpira wa vitufe. Acha ikauke dakika 10, nyanyua kidogo vile vibati vinavyobana betri, halafu rudishia.

Kama ni kitufe kimoja tu kinachogoma, swichi yake ndogo imekufa au risasi iliyoilehemu kwenye bodi imeachia. Ipeleke kwa fundi wa simu. Kazi hiyo anaiweza kuliko fundi gari.

SWALI: Toyota yangu ni ya kuwasha kwa kitufe. Nikiwa Manyoni iligoma kuuona ufunguo. Ningefanyaje? – Msomaji, Singida

JIBU: Chomoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, fungua mlango wa dereva. King'ora kikilia usishtuke. Gia iwe P, kanyaga breki, gusisha upande wa rimoti wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia hadi usikie mlio, kisha bonyeza papo hapo. Chipu ya ndani haitegemei betri ya rimoti. Inapata umeme kutoka koili (waya uliosokotwa) ya gari, iliyo kwenye kitufe cha kuwashia. Taa za dashibodi zikiwa hafifu, mgonjwa ni betri kubwa ya gari, si ufunguo.

SWALI: Gari lilikuja kutoka Japani na ufunguo mmoja. Nitafute wa pili? – Msomaji, Kizota

JIBU: Ndiyo, mapema. Kuongeza ufunguo huku mmoja ukifanya kazi ni rahisi kuliko kuanza bila hata mmoja. Usinunue kwa sura tu: rimoti za Japani nyingi hutumia masafa ya redio yaliyo karibu na megahezi 315, za Ulaya 433.92, na kasha linaweza kufanana kabisa.