Muulize Fundi: Gamu Gani Niweke Kwenye Mkoba wa Kitambaa?

Mwezi huu barua karibu zote ni za mikoba, na ndani ya mikoba karibu zote ni za gamu, kile kitambaa cha katikati kinachokaa kati ya nje na bitana. Basi tuzimalize hapa hapa.

SWALI: Shikamoo dada fundi. Nashona mkoba wa begani, kitambaa changu ni pamba nyepesi ya maua. Wa kwanza niliushona bila gamu ukawa umelegea, ukiuweka chini unalala. Nikaambiwa tia gamu, nikachukua ile ngumu kuliko zote nikijua sasa nimemaliza kazi. Mkoba umesimama kweli ila mbele umejaa mikunjo, napiga pasi haitoki, yaani maua yote yamevunjikavunjika. Ninunue ipi? – Anayejifunza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umefanya wanachofanya wengi, mtu akiona mkoba umelegea anakimbilia kigumu kuliko vyote. Shika hili kwanza: gamu haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na kitambaa, mishono na mikanda, gamu kazi yake ni umbo basi. Kwa hiyo ukienda kununua usiulize ipi ngumu, jiulize huu mkoba ukiwa mtupu nataka ukaeje, ulale tu, ujishikilie kidogo, au usimame wenyewe juu ya meza? Hayo ni mambo matatu tofauti na kila moja lina dawa yake.

Sasa hiyo mikunjo nadhani naijua ilikotoka. Ulishona mkoba ukiwa ndani nje, halafu ukaugeuza kupitia katundu ulikoacha kwenye bitana, si ndio? Hapo kwenye katundu ndo gamu ilipovunjika. Gamu ya karatasi haijafumwa, ni nyuzi zimegandamizwa tu pamoja, na ile nzito ikishakunjwa kwa ukali ule mstari unabaki humo maisha, na pasi haiwezi kuurudisha. Tundu la kugeuzia kwa mkoba wa saizi ya kawaida acha sentimita 15 au zaidi, usiwe bahili, utalishona baadaye na hamna atakayeliona.

Mi kwa pamba yako nyepesi ningechukua gamu ya kitambaa, yaani ile iliyofumwa, nyepesi au ya wastani, nikaibandika kwenye vipande vyote vya nje. Hii inaifanya pamba nyepesi ijishike kama pamba nzito, ila bado inakunjika na kurudi. Ina uelekeo wa nyuzi kama kitambaa chochote, kwa hiyo ikate nyuzi zake ziende njia moja na za kitambaa chako, ukiikata mshazari kipande kitavutika upande mmoja na mkoba utapinda. (Ya karatasi nyingi hazina uelekeo, unakata popote, ndo maana watu wanaipenda.) Kwa mkoba wa kujishikilia kidogo hapo umemaliza. Ukitaka usimame, ongeza nyuma yake sponji nyembamba ya mikoba, milimita 3 hadi 5, maana sponji hata uibane vipi kwenye tundu ukiiachia inarudi ilivyokuwa. Bitana iachie gamu nyepesi tu, au usitie kabisa, ukikaza nje na ndani vyote viwili mdomo wa mkoba unakuwa mgumu kufungua.

Na chini, kama unabeba vitu vizito, usijaribu kukazia kwa gamu. Kata plastiki ngumu, ipungue nusu sentimita kila upande kuliko kitako cha mkoba, izungushe pembe zisitoboe, itumbukize ndani. Siku ya kufua unaitoa.

Ukienda dukani beba kipande cha kitambaa chako, weka gamu nyuma yake, vikunje pamoja kwa vidole, viachie vining'inie mkononi uone. Ila kumbuka gamu ya gundi ikishapigwa pasi inakuwa ngumu zaidi ya hapo unavyoisikia, gundi ikishayeyuka na kuingia kwenye nyuzi mambo yanabadilika. Ukibaki njia panda kati ya mbili chukua nyepesi. Tabaka la pili utaongeza, la kupunguza hamna.

SWALI: Fundi, gamu yangu inafanya malengelenge. Nikimaliza kupiga pasi iko safi kabisa, nikifua mara moja tu kitambaa kinavimba vimba kama kina ugonjwa. Ni gamu mbovu au ni mimi? – Nimechoka Kufumua

JIBU: Pole. Gamu mbovu zipo, ila malengelenge yanayotokea baada ya kufua mara nyingi ni kitambaa kimerudi na gamu haijarudi, au kinyume chake. Pamba mpya ikikutana na maji inasinyaa, gamu iliyoibana kwa nyuma inabaki ilivyo, na ile ziada lazima iende mahali, ndo inavimba. Kama mkoba utafuliwa, kifue kitambaa kwanza kabla hujagusa mkasi, kikaushe, kipige pasi. Gamu ya kufumwa nayo unaweza kuiloweka kwenye maji ya vuguvugu, usiikamue, itandaze ikauke yenyewe. Maji ya moto hapana, gundi iko pale.

Halafu pasi. Watu wengi wanabandika gamu kama wanavyonyoosha shati, wanaiburuza huku na huku. Angalia upande mmoja wa gamu, kwenye mwanga utaona vitone vinavyong'aa, au ukipitisha kidole unasikia vinakwaruza, hiyo ndo gundi na inatazama nyuma ya kitambaa, haitazami pasi (ukikosea pasi yako itakoma). Ukiburuza, gundi inayeyuka huku inasogezwa, inashika hapa na pale inaachia. Tandika kitambaa chenye unyevu juu, bonyeza pasi ikae sekunde 10 hadi 15, inyanyue juu kabisa, hamia pembeni ukipanda kidogo pale ulipotoka, bonyeza tena. Yale maelezo yanayokuja na gamu yasome, yakisema sekunde tofauti fuata yao. Ukimaliza usikiguse! Kiache kimelala hapo hapo kipoe kabisa, maana gundi inashika wakati wa kupoa, ukikibeba cha moto kikakunjika umekiachisha mwenyewe.

Kabla ya kazi yote jaribu kwenye kipande cha sentimita 10 kwa 10. Kikipoa vuta kona kwa kucha. Ikibanduka kirahisi ongeza muda au joto, ikigoma endelea. Huo mkoba uliokwisha vimba jaribu kuubonyeza tena na kitambaa chenye maji, kama tatizo lilikuwa pasi utaona nafuu, kama kitambaa kilisinyaa, basi imeshatoka hiyo.

Na nailoni, mahameli, ngozi bandia, vitambaa vya kupakwa plastiki juu, hivyo usivipelekee gamu ya gundi kabisa, joto litaviharibu kabla gundi haijashika. Tumia gamu ya kushonea isiyo na gundi, iweke nyuma, ishikishe kwa mshono mrefu pembeni pembeni.

SWALI: Samahani naomba kuuliza, lazima ninunue gamu? Nina suruali za jinzi kuukuu nyingi. – Mbana Matumizi

JIBU: Si lazima. Jinzi, turubai la pamba, hata shuka nzito iliyochakaa, vyote vinafanya kazi, na mi kwa mkoba wa kubebea vitabu nachagua jinzi kuliko gamu yoyote, maana yenyewe inasaidia kubeba kweli sio umbo peke yake. Ikate saizi moja na kipande cha nje, izungushie mshono pembeni, kuanzia hapo vihesabu ni kitambaa kimoja. Uzito utaongezeka, huo ujue. Na ifue kwanza mpaka maji yatoke safi, rangi ya buluu ikihamia kwenye kitambaa cheupe utalia. Kitambaa chepesi cha rangi ya maziwa kitaonyesha hiyo buluu hata bila kuchuja, hapo weka kitu cheupe.

SWALI: Nimetia sponji, mkoba umependeza, lakini cherehani inaruka mishono na pale pembeni panapokutana vipande pamekuwa donge. Nifanyeje? – Wa Sponji

JIBU: Badilisha sindano kabla hujalaumu cherehani. Weka namba 90, ikibidi 100, na mshono urefushe ufike milimita 3 au 3 na nusu. Mguu wa cherehani ukinata kwenye sponji tandika karatasi nyembamba juu, shona, halafu ichane.

Donge ni kwa sababu sponji imeingia kwenye mshono. Shikisha sponji kwenye kipande cha nje kwa mshono unaopita nusu sentimita kutoka ukingoni, kisha chukua mkasi mdogo, ikate sponji yote iliyobaki nje ya mshono huo, taratibu, ukiilaza mkasi usije ukakata kitambaa. Sasa ukiunganisha vipande kwa sentimita 1 sponji itakayobaki ndani ya mshono ni nusu sentimita tu. Gamu ngumu nayo ni hivyo hivyo, mimi hii naikata kabisa ndogo kuliko kipande, inaishia pale mshono utakapopita. Ile nyepesi iache ifike mpaka ukingoni, haina madhara na mshono unapata kitu cha kushika.

SWALI: Kifungo cha sumaku kimechana bitana yangu, na mkoba una mwezi tu! – Mwenye Hasira

JIBU: Hapo ndo gamu ngumu inapotakiwa. Kata viraka vya sentimita 5 kwa 5, bandika kimoja nyuma ya bitana pale kifungo kitakapokaa, chora alama, toboa vitundu vidogo kabisa, pitisha miguu ya kifungo, weka kile kisahani chake, kunja miguu kuelekea nje. Juu yake funika kiraka kingine cha kitambaa chochote ili chuma kisikwaruze kitambaa cha nje. Fanya yote hayo bitana ikiwa bado kipande bapa, kabla hujaiunganisha na chochote. Hiyo iliyochanika, kama tundu ni dogo, fumua kidogo kwa juu, tia kiraka nyuma, na kwa mbele shonea mfuko mdogo au kipande cha mapambo, kisha toboa upya hapo juu yake.