Jibu: Siagi ya karanga kukutwa na bakteria ilhali karanga zilikaangwa

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: karanga unazikaanga zikaiva vizuri, lakini sampuli ya siagi imerudi kutoka maabara ikiwa na salmonela, bakteria wanaoleta homa na kuhara. Basi tafuta baada ya kikaango, kwa sababu huko mbele hakuna tena moto wa kuwaua.

Anza na ungo. Kwangu ndio uliokuwa chanzo: kijana alipepeta karanga mbichi, zenye vumbi la shambani, kisha akapoozea zilizokaangwa kwenye ungo uleule. Nikagawa vyombo, vyekundu vya mbichi, vyeupe vya zilizoiva. Anayeshika mbichi hagusi mashine mpaka anawe na kubadili aproni.

Halafu maji. Usisuuze mashine asubuhi ukasaga ingali na unyevu. Fungua mawe ya kusagia, kwangua utando wa siagi ya jana, pangusa, kausha kabisa. Maji kidogo kwenye kona yenye makombo yanatosha bakteria kuzaliana.

Mzigo uliobaki usiuuze, tafadhali, wala usijaribu kuupasha moto upya. Mafuta huwakinga bakteria hao, na ndani ya siagi wanaweza kuishi kwa miezi.