Sikio limezoea, lakini umesikia nini?

SWALI: Naishi Langoni, Lamu, na kazi yangu ni kushona kofia za vito. Mwaka huu nimeanza kusikiliza vitabu vya sauti nikiwa na sindano mkononi. Mpwa wangu alinitia kwenye kundi la WhatsApp ambako kijana mmoja anauza mafunzo ya siku 21 ya kusikiliza kwa kasi ya mara tatu. Mimi nimefika mara mbili. Maneno nayasikia yote, lakini kitabu kikiisha siwezi kukisimulia. Nina miaka 56. Je, ni umri, ni simu, au sijajitahidi? Na kasi iliyo sawa ni ipi?

JIBU: Dada yangu, simu yako haina kosa, umri una sehemu ndogo tu, na juhudi umeshatia kupita kiasi. Tatizo ni hiyo mara mbili. Rudi kwenye 1, umalize kofia yako kwa raha. Kama ulikuwa unataka namba tu, unaweza kuachia hapa.

Lakini kuna maneno yako matatu yaliyonikalisha kitako: "Maneno nayasikia yote." Miaka yote niliyokaa kwenye chumba cha kurekodia hapa Malindi, nikikata na kuunga sauti za wasimulizi, hiyo ndiyo kauli ninayoletewa na watu wa kila namna, kuanzia waendesha tuktuk hadi wanafunzi wa vyuo. Kila mmoja anaona kwamba kuyasikia maneno ndiko kukielewa kitabu. Basi kinachovuja hapo katikati anakihesabu kuwa kasoro ya kichwa chake mwenyewe, na kabla hajakaa vizuri ametokea mtu wa kumuuzia dawa ya kasoro hiyo.

Sikio ni jepesi mno kuzoea. Mwaka 1997 watafiti wawili, Emmanuel Dupoux na Kerry Green, waliwasikilizisha watu sentensi zilizobanwa, yaani zilizoharakishwa sana. Baada ya sentensi chache tu watu wakaanza kuyashika maneno ambayo mwanzoni yaliwapita. Sentensi chache, si siku 21! Huyo kijana wa kundi lenu anakuuzia kwa wiki tatu kitu ambacho sikio lako lingekifanya bure kabla chai haijapoa. Siku ya pili mwanafunzi anajiona ameweza, anafurahi, analipia hatua inayofuata. Wala hakuna aliyemuuliza amebaki na nini.

Maana neno likishaingia, kazi ndiyo kwanza inaanza. Lazima uushike mwanzo wa sentensi hadi mwisho wake ufike, uiunganishe na alichosema mhusika sura iliyopita, umchukie au umwonee huruma. Hayo hufanyika kwenye nafasi: mwisho wa sentensi, mwisho wa aya, pale msimulizi anapovuta pumzi. Nafasi hizo mimi nazipanga kwa mkono. Nusu sekunde hapa, sekunde nzima pale mama anapoletewa habari ya msiba. Nimewahi kukorofishana na msimulizi asubuhi nzima kwa ajili ya kimya cha robo sekunde, na sijuti.

Zamani kaseti ikizungushwa mara mbili, sauti ilipanda oktava nzima, mzee akasikika kama kifaranga, na kila mtu alijua kuna kilichoharibika. Programu za simu hazifanyi hivyo. Huikata sauti vipande vidogo mno, zikatupa vingine na kuvipandanisha vilivyobaki, kwa hivyo mzee anabaki mzee. Ufundi huu naupenda, nisikufiche. Lakini ndio unaowahadaa watu: wanaona sauti ni nzima, basi wanadhani hakuna kilichopungua. Kilichopungua ni zile nafasi. Sekunde yangu ya msiba imekuwa nusu sekunde.

Na kuna kitufe kibaya kuliko kasi yenyewe. Programu nyingi zina mahali pa kuondoa kimya, na mara nyingi anayekuwekea simu huwa ameshakiwasha kwa nia njema. Hebu mwambie mpwa wako akitafute akizime leo. Hapo ndipo umri wako unapoingia. Arthur Wingfield na wenzake walichapisha mwaka 1999 utafiti juu ya vijana na wazee waliosikiliza maneno yaliyobanwa. Kubanwa kuliwaathiri wazee zaidi, ni kweli. Lakini watafiti waliporudisha kimya mahali pake, mwisho wa sentensi na vifungu, kumbukumbu za wazee nazo zilipata nafuu. Kwa miaka yako 56, basi, kitufe cha kuondoa kimya kinakupokonya kile hasa unachokihitaji.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe, jambo ambalo wauza kasi hawaligusi kwa sababu ushauri wao wameuchota kwa Waingereza na Wamarekani. Msimulizi wa Kiingereza huenda kama maneno 150 hadi 160 kwa dakika, na hesabu zao zote zinaanzia hapo. Sasa neno letu moja ni mzigo wa punda. "Asingalimwambia" ina mtenda, ukanushi, wakati, mtendwa na kitenzi, vyote ndani ya neno moja. Silabi moja ikikupita, habari imepinduka: "ningekwenda" na "nisingekwenda" zinatofautiana kwa "si" tu, na hiyo "si" ni fupi kama kupepesa jicho. Kuna na irabu za kuvuta. Anayekwambia mtu "anakufaa" na anayekwambia "anakufa" wako mbali kabisa, na kwenye mara mbili na nusu mimi mwenyewe, mwenye kazi yangu, nimewahi kurudisha nyuma mara tatu kujua kama mtu anakufa au anakufaa. Wewe wa Lamu unayatenga kwa pumzi hata maneno ambayo wa bara wanayaandika sawa: paa la nyumba na paa wa porini. Pumzi ile haidumu hata sehemu ya kumi ya sekunde. Ibane uone.

Mkiniuliza mimi, mashairi na tenzi msiziongezee kasi kabisa. Mizani minane imepimwa ili ikae kwenye pumzi ya mtu.

Hata kusoma kwa mwendo tofauti si jambo geni kwetu. Chuoni, yaani madrasa, tulifundishwa kwamba Kurani ina tahakiki ya taratibu, tadwiri ya wastani na hadri ya haraka. Lakini anayeikimbiza ni msomaji mwenyewe, kwa ulimi wake, na hukumu za tajwidi, zile kanuni za matamshi, hazimwondokei. Wala sijaona mwalimu anayemfundisha mtoto alifu kwa hadri.

Huyo kijana najua atakujibu nini, kwa sababu nimeshajibiwa. Atakutumia habari ya utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliotoka mwaka 2021. Ni utafiti wa kweli. Wanafunzi walitazama mihadhara miwili mifupi, mmoja wa Dola ya Kirumi na mwingine wa kukadiria thamani ya nyumba, kwa kasi mbalimbali, na hadi mara mbili alama zao hazikushuka sana. Kwenye mara mbili na nusu zikashuka. Yeye anauza tatu! Na hao walikuwa vijana wa chuo, macho kwenye video, wanajua kuna maswali mbele. Hakuna aliyekuwa akipanga vito vya kofia.

Akishindwa hapo atakutajia wasioona, kwamba wao husikiliza simu zao kwa kasi ambayo sisi hatuambulii kitu. Ni kweli pia, na ni ustadi wa kuheshimiwa. Lakini ile ni sauti ya mashine isiyobadilika, imesikilizwa kutwa kwa miaka, na kazi yake kubwa ni kupita kwenye orodha na ujumbe, kama wewe unavyopitisha macho kwenye ubao wa bei. Ninaowajua mimi, wakifika kwenye riwaya wanapunguza.

Turudi kwa hesabu, kwa kuwa watu wanadhani muda ndio faida. Kitabu cha saa 9 kwa 1.25 kinakuwa saa 7 na dakika 12; umeokoa saa moja na dakika 48. Toka mara mbili hadi mara mbili na nusu unaokoa dakika 54 tu, na huko ndiko ufahamu unakoporomoka. Toa na zile dakika za kurudisha nyuma. Kitabu hicho ukikimaliza kwa mara mbili usiweze kukisimulia, kimekugharimu saa nne na nusu, na bado hujakisoma.

Kwa hivyo fanya hivi. Kila kitabu kipya kianze kwenye 1 kwa dakika kumi, hata kama msimulizi ni yule yule wa jana, kwa sababu kitabu kigumu humfanya msimulizi mzuri apunguze mwendo kwa makusudi. Ukimwona anakokota, panda hadi 1.1, halafu 1.2. Kuna wasimulizi wa redio wa zamani ambao kwa 1.25 ndiyo kwanza wanakuwa kama watu wanaozungumza. Wengine ni wa kizazi cha haraka, na kwa 1 tayari wanakukimbiza. Ndiyo maana namba ya jirani haikufai, na namba yako ya kitabu kile haikufai kwa hiki. Jioni msimulie mtu sura moja. Ukikwama, shuka. Unapohesabu vito au kupanga mchoro, zima kabisa. Unaporudia mshono ule ule, endelea. Kitabu cha Kiingereza ukikiona kizito, 0.9 inasaidia. Chini zaidi ya hapo programu inalazimika kurudiarudia vipande vingi mno na msimulizi anaanza kusikika kama amelewa.

Kwenye boti ya Mokowe usisikilize. Injini itakufanya upandishe sauti, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.

Kinachonitia hofu zaidi ya yote si wewe, dada. Ni watoto. Mwaka jana nilikaa na kijana wa Kidato cha Nne, mwana wa jirani, aliyekuwa ameshusha kwenye simu usomaji wa riwaya teule na kuusikiliza kwa kasi ya mara mbili na robo, akaurudia hadi ukatimia mara tatu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwalimu wake ndiye aliyemshauri, ili "amalize silabasi". Nikamuuliza hadithi inahusu nini, akanieleza vizuri tu. Nikamsomea sentensi moja kutoka katikati ya kitabu, akaniangalia kama namsomea Kichina. Sasa karatasi ya fasihi ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, haiulizi hadithi iliishaje. Inakupa sentensi moja kama ile, inakwambia eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa nini. Yule kijana alikuwa amekisikia kitabu mara tatu na hakuwa na hata alama moja kati ya hizo nne.

Wazazi mnaokagua simu za watoto likizo hii, mkishamaliza kutazama picha na kundi wanalochati nalo, tazameni na namba ndogo iliyo karibu na kitufe cha kuchezesha.