Usimnyime Mtu Waifai, Wala Usimfiche Kilichomo

Mwishoni mwa 2021 dada yangu, mwalimu wa sekondari, aliniletea laptopu ya mtumba nimwekee Linux, mfumo endeshi huria, ambao yeyote anaweza kusoma na kubadili msimbo wake. Nikaweka Debian 11, mojawapo ya aina za Linux. Tulipofika kwenye mtandao kazi ikakwama: kadi ya waifai, ya Intel, ilidai faili ambalo halimo kwa sababu si huria, na mashine haikuwa na tundu la waya wa mtandao. Nilijua lipo toleo lisilo rasmi la Debian lenye mafaili hayo yote, ila niliona kulitumia ni kusaliti ninachokiamini. Nikampa waya aunganishe simu yake. Wiki mbili akaandaa mitihani kwa bando la simu. Siku moja akaniuliza, "Mdogo wangu, huo uhuru unaoulinda ni wa nani?"

Swali lile liliniuma, na tangu hapo namna ninavyowasaidia watu imebadilika.

Faili lililokosekana lilikuwa famuwea, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa chenyewe, iwe kadi ya waifai, ya picha au ya sauti. Nyingine huchomwa kwenye chipu kiwandani, nyingine hupakiwa na mfumo endeshi kila kompyuta inapowashwa. Mara nyingi kampuni haitoi msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu jinsi waundaji walivyoyaandika, hivyo kasoro ikigundulika unangoja mpaka wao wapende kuitengeneza. Shaka hiyo ni ya haki. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, husimulia kwamba alizinduka kwa sababu ya printa ya Xerox pale chuo cha MIT, Marekani, iliyokwama kwama huku yeye akinyimwa msimbo wa kuirekebisha.

Free Software Foundation, taasisi aliyoianzisha, hupendekeza mifumo kama Trisquel na Guix, inayotumia Linux-libre, yaani kiini cha Linux kilichoondolewa mafaili yaliyofungwa. Nawaheshimu, lakini kuna mahali siwafuati. Kwao famuwea iliyochomwa ndani ya chipu inaweza kuvumiliwa kama sehemu ya saketi, ilhali ile inayopakiwa na mfumo haikubaliki. Kwa dada yangu zote mbili zimefungwa, tena ile iliyochomwa haiwezi hata kusahihishwa. Januari 2018 ilipotangazwa Spectre, kasoro ya usalama ndani ya prosesa, sehemu ya tiba ilikuja kwa njia ya mikrokodi, yaani famuwea ya prosesa yenyewe, nayo imefungwa. Lakini prosesa ilishatoka kiwandani na mikrokodi iliyofungwa! Ukimzuia mtu asiweke ile mpya humwongezei uhuru wowote, unambakizia kasoro.

Ndiyo maana nilifurahi Debian ilipopiga kura mwaka 2022 na kurekebisha Mkataba wake wa Kijamii, yaani ahadi zake kwa watumiaji, ili diski rasmi ya kusakinishia iruhusiwe kubeba famuwea hizo. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ndiyo ya kwanza kufanya hivyo. Nilichokipenda zaidi ni sehemu mpya ya hazina yake ya programu, iitwayo non-free-firmware. Zamani, kupata faili moja la waifai kwa njia ya kawaida, ulifungua sehemu nzima ya non-free (isiyo huria) pamoja na programu nyingine zilizofungwa. Sasa famuwea imetengwa peke yake, na asiyeitaka anaandika firmware=never kabla ya kuanza kusakinisha.

Kwa hiyo, wewe unayewawekea ndugu na majirani Linux, weka famuwea, lakini mwambie mwenye mashine kabla hujaiweka, kwa maneno anayoyaelewa: kompyuta yako ni huria isipokuwa hapa na hapa, na hapo kampuni ndiyo yenye funguo. Mwonyeshe mstari wenyewe ndani ya sources.list, faili linaloorodhesha mahali programu zinakotoka. Kosa ninaloliona kubwa ni kuweka kimyakimya, kisha kumsifia mtu kwamba sasa yuko huru kabisa. Huo ni uongo, hata ukisemwa kwa nia njema.

Nguvu yako nyingine itumie dukani, maana mashine ikishanunuliwa hiari imebaki kidogo. Kabla ya kulipa, uliza kadi ya waifai ni ya aina gani. Baadhi ya kadi za kampuni ya Broadcom ni taabu kweli: famuwea yake hairuhusiwi hata kusambazwa, kwa hiyo Debian huishusha kutoka mtandaoni, na wewe mtandao ndio huna. Upande mwingine kuna vifaa vya USB vyenye chipu ya Atheros AR9271, ambayo msimbo wa famuwea yake ulifunguliwa mwaka 2013. Kasi yake ni ya kizamani na haishiki masafa ya 5 GHz, lakini kwa barua pepe na mitihani inatosha.

Kimoja cha namna hiyo nilimnunulia dada, nikamweleza tofauti, nikamwachia na famuwea ya Intel achague mwenyewe. Siku za kazi anatumia ya Intel kwa sababu ina kasi. Kile cha USB amekipeleka shuleni, anawaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu kifaa ambacho msimbo wake wanaweza kuufungua na kuusoma.